Kipuli Kimetoka Safi

Mpiga picha aliikuza picha kwenye kompyuta. Kipuli cha mama aliyekuwa amempiga picha kilionekana wazi, hata mkwaruzo wake. Macho yalikuwa ukungu mtupu.

Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Zote vivyo hivyo.

Siku ya kumpiga picha hizo alikuwa akiringia lenzi mpya. Alifungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho ili ukuta wa nyuma uyeyuke kwa ukungu, na kwa uwazi ule, ukikosea kulenga kwa nusu kidole umelikosa jicho. Mama wa watu alikaa tuli, hakujitingisha hata kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huziangalii kwanza?"

"Mama, lenzi hii haikosei."

Mama alizikwa juzi. Sasa binti yake alikuwa amekuja kuchukua picha ya kutundika sebuleni. Aliinamia skrini.

"Mbona macho hayaonekani vizuri?"

"Mama alitikisika," mpiga picha akasema, bila kumtazama.

Binti akajifuta machozi. "Tuwie radhi, kaka. Siku zile za mwisho mwili ulikuwa haumtulii. Tulikusumbua bure."

Masikio yalimwaka moto mpiga picha.

"Usijali, dada," akasema.