Mashine ya Alhamisi

"Fungeni madirisha! Mawe yanaruka!"

Kila Alhamisi Abdiwali alipaza sauti hiyo, na kila Alhamisi ofisi nzima ilitii. Madirisha yalifungwa, mapazia yakashushwa, na makarani wakatokota kwenye joto la Garissa huku mashine ya kukatia nyasi ikinguruma nje. Nani angetaka kupofuka kwa ajili ya nyasi?

Na zilikuwa nyasi za balaa. Mvua za El Nino zilikuwa zimeotesha majani hata mahali ambapo watu walidhani Mungu aliweka mchanga tu. Murithi, aliyeifanya kazi hiyo mwanzo, ilimshinda. Mashine yenyewe huning'inizwa begani na hukata kwa uzi wa plastiki unaozunguka kwa kasi. Uzi wa Murithi ulikatika kwenye kila jiwe. Alimaliza roli nzima, na upande mmoja ulipokuwa safi, upande wa pili ulikuwa umeshamfika magotini. Akaachishwa kazi.

Abdiwali alihitaji asubuhi moja. Haraka haraka haina baraka, husema watu, lakini watu hao hawakumjua Abdiwali. Mashine ikinyamaza, ukifungua dirisha unakuta uwanja umenyolewa mpaka kwenye mashina ya miti na pembe za ukuta, naye anafagia bila tone la jasho. Roli yake ya uzi ilibaki vilevile ilivyonunuliwa.

"Kasi hii umeipata wapi?" Bi Njambi, mkuu wa ofisi, alimuuliza siku moja akinywa chai. Maziwa waliyouziwa na Sirad, mke wa Abdiwali, yalikuwa mazito ajabu msimu ule.

"Usilazimishe, Madam. Ukisukuma, inakataa. Wacha ianze yenyewe huko kwa kifuli cha mti, wewe kaa nyuma tu."

"Na waridi zangu? Zimebaki vijiti!"

"Bole, Madam," Abdiwali aliomba radhi kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Kwa maua inanishinda nguvu."

Bi Njambi alimsamehe. Waridi huota tena, lakini mfanyakazi wa namna hii hapatikani kila siku. Alimsifu kwa simu mpaka Nairobi, na mkubwa wa huko akasema atakuja kujionea mwenyewe. Kama ni kweli, kibarua huyu ataajiriwa moja kwa moja, awafundishe wengine mkoa mzima.

Sirad aliposikia alipiga vigelegele. "Alhamdulillahi! Ukiandikwa kazi tunaezeka mabati. Nimechoka kulala na sufuria za kukinga mvua."

Abdiwali hakupiga vigelegele. Alimwendea Bi Njambi.

"Madam, watu wakiniangalia, mkono unatetemeka. Huyo mgeni akae ndani, madirisha yafungwe, halafu aone kazi ikiisha."

"Ametoka Nairobi kuja kutazama pazia? Atasimama mbali, mawe hayatamfikia."

Asubuhi ya Alhamisi, Abdiwali alilifunga lango la nyuma kwa kamba, akaongeza fundo, akalitikisa, akaongeza jingine. Lango la mbele lilikuwa wazi kwa ajili ya gari la mgeni.

Mkubwa alifika, akasimama kando ya Bi Njambi, mikono nyuma. Makarani walijipanga barazani, kwa mara ya kwanza wakipata upepo siku ya Alhamisi. Abdiwali alitia uzi, akavaa mashine begani, akamwaza Sirad na sufuria zake.

"Bismillahi," alisema, akavuta kamba ya kuwashia. Mashine ikanguruma mpaka mtaa wa pili.

Mbuzi wote wa Sirad waliingia mbio kwa lango la mbele, wakalipita gari la mkubwa kulia na kushoto, na kila mmoja akashika mahali pake pa kila Alhamisi. Beberu alikwenda moja kwa moja kwenye waridi.