Daftari la Funguo

"Usinishike kama maiti, nitapanda mwenyewe," Bi Zuwena alisema kwenye ngazi za jengo la utawala. "Chuo kizima cha wasomi, hakuna hata mmoja aliyesomea kujenga ngazi ya watu wazima!"

Beatrisi alicheka, lakini mkono hakuuondoa.

Mwaka wa nne huu alikuwa macho ya mama huyu wa Pangani. Bi Zuwena msahafu aliusoma kama maji, ila herufi za Kizungu hakufundishwa. Kila Ijumaa Beatrisi alikwenda kumsomea vikaratasi vya dawa, namba za umeme wa Luku, na ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu zake wa Maskati. Majirani walisema Mungu alimchukulia binti mmoja akampa mwingine, tena Mkristo.

Aliyechukuliwa ni Khuloud. Alisoma na Beatrisi chuoni hapo hapo. Alipokosa nafasi bwenini, Beatrisi alimbeba, wakawa wanalala wawili katika kitanda kimoja cha chumba namba tisa. Sheria ilikataza, na nusu ya wasichana walifanya. Siku ya msako, anayebebwa alifungiwa ndani kwa kufuli la nje ili matroni aone chumba kitupu. Ufunguo uliachwa getini, na aliyeuacha akaandika jina lake katika daftari.

Bweni liliungua saa nne asubuhi, siku ya msako. Khuloud alikutwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Beatrisi aliapa kwamba aliondoka kwenda mtihani akauacha mlango wazi. Daftari halikuonekana. Lawama zikamwangukia mlinzi, Hatibu, kwamba alipita akifunga milango bila kuchungulia. Alifukuzwa kazi, akarudi kwao Mkwaja. Alipokuja kutoa pole, Bi Zuwena alimfungia mlango usoni.

Mwezi uliopita daftari lilipatikana ndani ya boksi la mapazia, likapelekwa masijala. Habari zilimfika Hatibu kitandani, amebaki mifupa. Akamtumia Bi Zuwena ujumbe mmoja tu: kalisomeni.

"Shikamoo, mama," alisema Castory, karani wa masijala, akaliweka daftari mezani kabla hawajakaa. Karatasi ilikuwa imechomekwa kwenye ukurasa.

"Marahaba, mwanangu. Huyu binti atanisomea. Nimeshaizoea sauti yake."

Beatrisi alifungua. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba wino utakuwa umefifia, mende watakuwa wamekula. Wino ulikuwa mzima.

*Chumba 9. Beatrisi Hosea. Saa 2:10.* Na sahihi yake, yenye mkia mrefu wa ujana.

Asubuhi ile Khuloud alikuwa bado chini ya shuka. "Usikawie, nina njaa," alisema. Beatrisi alimwahidi chapati, akabana kufuli, akakimbia.

"Mbona kimya?" Bi Zuwena aliuliza. "Au na wewe siku hizi husomi?"

"Mwandiko mbaya, mama."

"Soma taratibu. Sina haraka. Mwenye haraka ni Hatibu, anayeomba radhi yangu kabla hajafa."

Beatrisi alimtazama. Mama yake mzazi alifia kambini Mwera, kwenye mashamba ya mkonge, yeye akiwa darasa la pili. Tangu hapo hakuna aliyemwita mwanangu, mpaka alipoingia kwenye nyumba ya matanga ya Khuloud, akakumbatiwa na mwanamke huyu. Angesema sasa, neno moja tu, angetoka humu hana mtu duniani.

Na Hatibu alikuwa anakufa. Anayekufa hapotezi kingi.

"Chumba tisa," alisoma. "Kimefungwa na mlinzi. Hatibu Uweso. Saa tatu na nusu."

Kalamu ya Castory ilisimama. Beatrisi alimwinulia macho, akamsihi bila sauti. Karani alimwangalia kwa muda, kisha akageukia dirishani. Ana huruma, Beatrisi aliwaza. Mungu ambariki.

"Soma tena, mwanangu."

"Mama, si nimesoma?"

"Nimesikia. Soma tena. Labda macho yako yameruka mstari."

Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Aliweka hata kidole chini ya jina lake mwenyewe, akakipitisha herufi kwa herufi, huku mdomo ukisema, "Ha-ti-bu."

Bi Zuwena alikitazama kile kidole mpaka kikafika mwisho wa mstari.

"Hakuna jina jingine hapo?"

"Hakuna, mama. Wallahi," Beatrisi alisema, na kiapo kikamtoka kwa lugha ya nyumba ile, kama mtoto wa humo humo. "Ni yeye. Pole, mama yangu."

Bi Zuwena alilifunga daftari polepole kwa mikono miwili, akalisukuma upande wa karani.

"Ahsante, Castory. Nakuomba radhi kwa kukusumbua mara mbili wiki moja, kwa ukurasa ule ule."

Akasimama, akajitanda buibui, akaukwepa mkono wa Beatrisi uliokuja kumsaidia.

"Jana nilivuka pantoni nikaenda Mkwaja, nikamwangukia Hatibu miguuni. Wewe, Beatrisi, nilikuleta hapa ili nikusamehe."