Kiti Chini ya Shuka

"Nataka picha ya mtoto peke yake," alisema Bi Sikudhani. "Mama yake asionekane."

Alikuwa amekuja kumchukua Hidaya, binti wa kaka yake, amtoe kwa mama yake na kumpeleka kwa huyo kaka kesho asubuhi.

Fundi Makame hakubisha. Kamera yake ilitaka mtu atulie mpaka fundi ahesabu hadi kumi, la sivyo picha hutoka na ukungu, na mtoto wa miaka miwili hatulii asipopakatwa. Akafanya kama wapiga picha wote wa mji ule. Alimkalisha mama kitini, akamfunika shuka jeusi gubigubi, kisha akampakatisha mtoto juu ya shuka.

Hidaya aligeuka huku na huku. "Mama?"

"Nipo," sauti ikajibu ndani ya shuka. "Mtazame fundi, mwanangu."

"Akilia, naondoka naye leo hii," alisema shangazi. "Sisubiri kesho."

Fundi akafungua lenzi. Moja. Mbili. Mtoto alibana midomo. Saba. Nane. Mikono chini ya shuka ilimshika kiunoni, haikulegea. Kumi.

Jioni, shangazi aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeona alivyotulia? Huyu hatamlilia mtu." Kisha akaisogeza karibu na macho. "Lakini fundi, mbona shuka limetoka na ukungu hapa juu, penye mabega? Kiti kilikuwa kinatikisika?"

Fundi Makame alichukua kitambaa, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.