Mfumo Ulipojifunza Kujenga

Asubuhi ile Zamda alimaliza kuufundisha mfumo wa ofisi kujenga programu. Awali ulijua kusambaza tu. Kila toleo jipya lilijengwa kwanza na Nuhu, mwenzake wa meza ya pili, aliyeunganisha mwenyewe vipande vya programu na kulijaribu, ndipo mfumo ukalipeleka kwenye matawi ya kampuni.

Wiki nzima Nuhu alikaa kando yake akimweleza kila hatua.

"Ukiniondolea mzigo huu, dada, nitapumua," alikuwa akisema.

Zamda alikwisha kuambiwa na meneja kwamba mfumo ukiweza kazi hiyo, Nuhu hatahitajika tena. Alikuwa akiitikia tu, "Utapumua, kaka."

Sasa meneja alisimama nyuma yao. Zamda akabonyeza kitufe. Programu ikajengwa, ikajaribiwa, ikafika matawini kabla chai zao hazijapoa. Nuhu ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

"Kumbe ni rahisi hivi!" meneja akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Nuhu, ukipata nafasi, pita kwangu."

"Nafasi si ninayo sasa, bosi!" Nuhu akajibu akicheka. Akamgeukia Zamda wacheke pamoja, akamkuta ameinamia kibodi. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Ulijua?"

Zamda akazidi kuinamia kibodi.

Nuhu akainuka. Akakirudisha kiti kwenye meza yake, akakifuta vumbi kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemwandalia mgeni.