Kiti cha Mbele

Goti lilipoanza kuwaka moto, niliacha mkeka, nikavuta kiti hadi mbele ya ukumbi, nikauketisha huu mwili wangu mkubwa. Mwalimu wa yoga alikuwa hajafika, na mimi leo ndiyo kwanza naanza.

Nikafumba macho, nikainua mikono kulegeza mabega. Nilipofumbua, watu wote walikuwa wamenigeukia, mikono juu.

"Tunapumua vipi, mama?" akauliza msichana mwembamba kama ufito.

Nilitaka kusema, jamani, mimi mgonjwa wa viungo tu. Lakini goti likanichoma, nikalishika kwa mikono miwili. Wote wakashika magoti.

"Hapo hapo," akaguna mzee mmoja mnene kule nyuma. "Hapo ndipo panaponitesa. Mwalimu yule mwingine hajawahi kupagusa."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu, mkeka kwapani, akanitazama mimi, akawatazama wao. Nikaanza kunyanyuka, aibu imenijaa, sijui niombe radhi kwa nani.

Akanionyesha kwa kiganja nikae.

Akavua viatu, akavuta kiti, akaketi nyuma kabisa. Akashika goti lake, akanisubiri.