Pua Mbili na Kondoo Aliyenyolewa

Kondoo, akiwa ametoka kunyolewa, alifika kwa Kobe, mtoa pasi za kuvukia mto. Akamkuta Bweha amejifunika sufu ile ile aliyonyolewa yeye.

"Mimi ndiye Kondoo," Bweha alisema kwa sauti laini. "Wanangu wananisubiri ng'ambo."

"Mwongo! Ni wanangu hao! Atawatafuna!" Kondoo alilia.

Wanyama kwenye foleni wakacheka. "Kondoo gani huyu yuko uchi? Mpishe mwenye sufu!"

Kobe hakuharakishwa na mtu. Aliweka udongo mbichi mezani. "Kila mmoja abonyeze pua, kama wote walioomba pasi kabla yenu."

Bweha alibonyeza kwa madaha. Alijua Kondoo hajawahi kuomba pasi, kwa hiyo hapakuwa na alama yake ya kulinganishia. Alichosahau ni pua yake mwenyewe.

Kobe alichomoa kigae cha zamani chenye alama ya pua, akatazama. "Pua hii naijua. Mwezi uliopita ilijiita Mbuzi."

Bweha akachomoka mbio na sufu yake ya wizi. Kondoo alishusha pumzi, akabonyeza pua, akapewa pasi.

"Pole, amekimbia na sufu yako," Kobe alisema.

"Na aende nayo, mzee wangu. Sufu itaota tena. Watoto hawaoti."