Kamera ya Mgeni

“Nataka isiyopiga kelele,” Machogu alisema. “Na isiyowaka taa yenyewe.”

Rekha, mwenye duka la kamera, alimtazama, kisha akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwake, nyeusi, pana, lenzi ndefu kama mchi. “Bwana, mwenye kamera kama hiyo anatafuta nini kwangu?”

“Hii wameikataa, mama.”

Jana yake vijana wa kamati ya mazishi walimrudisha njiani, karibu na Nyamache. Wapiga picha wa kazi hawatakiwi, walimwambia. Kanisa limeyakataa mazishi haya, na wapiga picha wana tabia ya kubandika picha sokoni wakitafuta wanunuzi. Mchungaji akiziona, mjane atatengwa na ushirika. Mgeni mwenye kamera ndogo ya nyumbani hana neno.

Rekha akapanga kamera tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kupendeza, lakini haikuweza kuvuta cha mbali. Machogu akaisukuma kando. Ya pili ilivuta, ila taa yake ilijiwasha ilivyotaka, wala haikuwa na kitufe cha kuizima. Ya tatu ilikuwa nzito kidogo, imekwaruzika ubavuni. Akaibonyeza. Lenzi ikatoka taratibu kama kichwa cha kobe, na taa ikakubali kuzimwa.

“Hiyo inavuta kweli,” Rekha alisema, “lakini ikivuta mpaka mwisho inataka mwanga, na huko kwenu mvua ya alasiri haikosi. Chukua filamu ya mia nne, ile ya mwanga hafifu. Halafu usiimalize. Ikiisha inajirudisha yenyewe, inanguruma kama paka.”

“Sitaimaliza. Nataka nyuso tatu tu.”

“Za nani?”

“Bibi mzee mmoja. Na watoto wawili.”

“Si uwaendee tu uwaambie wasimame vizuri? Wafiwa wanapenda picha.”

Machogu aliinamisha kichwa, akawa anafuta kioo kwa mkono wa koti ingawa hakikuwa na vumbi.

“Ulikosana na marehemu?”

“Niliwakosea watu wake. Sina macho ya kuwatazama.”

Rekha alitia betri mpya, akaipokea ile kamera kubwa iwe rehani, akaisukuma chini ya kaunta. “Jagdish asiione. Mume wangu anajua kusafisha picha, lakini kunyamaza hajui.”

Alasiri hiyo Machogu alikuwa amepiga goti katika shamba la majani chai la ng'ambo, kijito kikipita chini yake, na boma la wafiwa likiwa wazi mbele yake kwenye mteremko wa pili. Kofia ilishuka hadi kwenye nyusi. Ndevu zilimfunika uso uliobaki. Kule Musoma, alikoishi kwa kupiga picha za pasipoti, habari za mazishi haya aliletewa na mchuuzi wa ndizi aliyekuwa akipiga soga tu. Usiku ule hakulala, na asubuhi alivuka mpaka.

Jeneza lililetwa nje. Kifuniko hakikufunguliwa. Wanawake walilia, wazee wakatikisa vichwa, na mahali pa mchungaji pakabaki patupu.

Akavuta lenzi. Msichana kwanza. Amerefuka! Viatu vilikuwa vya kuazima, vinamvuka kisigino. Akabonyeza. Kisha mvulana, aliyesimama kifua mbele kama mtu aliyeambiwa kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Akabonyeza. Akabaki bibi mzee, naye alikuwa amempa mgongo.

“We mzee! Wewe ni mpiga picha?”

Alikuwa kijana wa kamati, Onsongo, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi.

“Mimi ni mgeni, kijana wangu.”

Onsongo akaichukua kamera, akaigeuza, akacheka. “Kumbe ni haka ka nyumbani. Nilidhani ni wale majamaa wa sokoni. Sasa mgeni anajificha kwa majani chai kama mwizi wa kuku?”

“Naona haya.”

“Haya ya nini? Maiti haiumi mtu.” Akamrudishia kamera. Sauti yake ikalainika. “Twende, mzee. Nitakupitisha mpaka mbele, utupe udongo kama wengine. Kama mlikosana, yaishe leo. Wakishafukia ni basi, hakuna tena kuongea.”

Machogu aliinuka. Miguu ikashuka hatua moja, ikashuka ya pili. Pale chini mjane alikuwa amemshika mvulana bega, na mvulana hakulia. Walikuwa wamejifunza kusimama bila kuegemea mtu. Angewafikia na kuwaambia nini, mbele ya kaburi lililokwisha kuchimbwa?

“Tangulia,” alisema. “Nakuja.”

Onsongo akashuka akirukaruka mitaro. Machogu akarudi kwenye majani, akapiga goti tena.

Wingu lilikuwa limefika. Kamba zikapita mikononi mwa wanaume na jeneza likateremka. Akavuta lenzi mpaka mwisho, akangoja. Mwanga ulikuwa ukifa. Geuka, aliomba moyoni. Geuka mara moja tu, halafu niende zangu.

Bibi mzee akainama, akachota udongo, akageuka. Uso wake ukaja karibu hivi kwamba angeweza kuufuta machozi kwa kidole.

“Shimo la dhahabu lililokufukia lilikataa kuturudishia mwili wako,” alilia, na sauti ikavuka bonde lote. “Basi tumezika shina la mgomba mahali pako, Machogu mwanangu. Lala sasa. Usiturudie.”

Machogu akabonyeza.